Mto Unaoelekea Baridi: Hotuba Kuhusu Bonde la Mackenzie

Hotuba hii ilitolewa mjini Edmonton, Alberta, mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakujaliwa kufika. Ramani na picha zilizoonyeshwa ukumbini zimeachwa.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, kina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapa mbele, asanteni kwa kuja. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Likasi, jambo yenu. Nawaomba msiondoke mapema, maana nina habari inayowahusu nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani.

Naanza kwa swali. Mto huu unaopita katikati ya mji wetu, North Saskatchewan, maji yake yanakwenda wapi? Nasikia wengine wanasema Hudson Bay. Hongereni, ndiko. Sasa la pili. Ukichukua gari ukaenda kaskazini kama saa moja na nusu, ukafika mji wa Athabasca, utaukuta mto mwingine. Huo nao maji yake yanakwenda wapi?

Mmenyamaza. Basi nawaambia: yanakwenda Bahari ya Aktiki. Yanapita Fort McMurray, yanaingia Ziwa Athabasca, yanashuka kwa mto Slave hadi ziwa Great Slave, na kutoka hapo yanaitwa Mackenzie mpaka baharini. Na mito hii miwili, wa kwetu na wa Athabasca, imezaliwa mahali pamoja, kwenye uwanda wa barafu wa Columbia, juu katika Milima ya Rocky. Pale pana kilele kinaitwa Snow Dome, mita 3,456 juu ya usawa wa bahari. Theluji ikiyeyuka upande mmoja inaelekea Pasifiki, upande wa pili Aktiki, upande wa tatu Hudson Bay.

Wangapi humu mnafanya kazi Fort McMurray? Inueni mikono. Naona mikono mingi. Nyinyi mnaishi ndani ya bonde la Mackenzie. Mnakunywa maji yake, na mshahara wenu unatoka kwenye kingo zake. Bonde hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.8, karibu Tanzania mbili, na ni kama sehemu moja ya tano ya Kanada yote. Ukiupima mto kuanzia vyanzo vya mto Finlay kule British Columbia hadi baharini, unapata kilomita 4,241. Amerika Kaskazini nzima, bonde linalolizidi hili ni la Mississippi peke yake.

Ninalotaka kuwaambia leo ni hili: sisi tuko juu ya mto, na kuna watu walio chini ya mto. Tunalolitenda huku juu linawafikia. Na namna linavyowafikia imepangwa na miamba, na barafu, na upande ambao maji yanaelekea. Kwa hiyo tuanze na miamba.

Nendeni kiangazi mpaka Fort Simpson, mahali mto Liard unapokutana na Mackenzie. Simama ukingoni uangalie. Utaona mito miwili ndani ya mto mmoja: upande wa mashariki maji maangavu, upande wa magharibi maji ya kahawia, mazito kwa tope. Yanakwenda pamoja, bega kwa bega, mamia ya kilomita kabla ya kuchanganyika sawasawa. Kwa nini?

Kwa sababu mashariki na magharibi mwa bonde hili ni nchi mbili tofauti kabisa. Mashariki iko Ngao ya Kanada, mwamba mkongwe, mgumu, uliokwisha kuparuzwa na barafu hadi ukabaki mtupu. Ndani ya ngao hiyo, kiasi cha kilomita 300 kaskazini mwa Yellowknife, kuna miamba ya Acasta iliyopimwa ikaonekana ina umri wa miaka takriban bilioni 4. Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.5 na ushei. Fikirini hapo! Mwamba kama huo hautoi tope, na mto unaopita juu yake unabaki safi. Isitoshe, maji ya Mackenzie yametoka kupumzika ndani ya ziwa Great Slave, lenye kina cha mita 614, ziwa refu kwenda chini kuliko yote ya Amerika Kaskazini. Tope lote lililoletwa na mto Slave limezama humo.

Magharibi kuna milima. Ile ni michanga kwa umri ukiilinganisha na Ngao, imejengwa kwa mashapo ya bahari za kale, mawe laini yanayomeguka. Liard inatoka huko, na Peel vilevile. Ndiyo maana Mackenzie unaingiza baharini mashapo mengi kuliko mto mwingine wowote unaomwaga katika Aktiki, na sehemu kubwa ya tope hilo ni milima ya magharibi inayoshuka kidogo kidogo kuelekea baharini.

Kati ya ngao na milima ndipo penye tambarare, na chini ya tambarare ndipo penye mali. Miaka milioni 380 hivi iliyopita nchi hii ilikuwa bahari ya joto, karibu na ikweta, yenye miamba ya matumbawe. Naam, matumbawe! Sisi wa pwani tunayajua matumbawe, tumejenga misikiti na majumba kwa mawe yake. Mabaki ya miamba ile ya kale ndiyo yanayoshika mafuta ya Norman Wells, yaliyochimbwa tangu 1920, kilomita 145 hivi kusini mwa Mzingo wa Aktiki. Mchanga wenye lami wa Fort McMurray ni mdogo zaidi kwa umri, una miaka milioni mia na kitu, nao uliachwa na mto mkubwa na mlango wake wa bahari. Wenyeji waliijua lami hiyo karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Waliichanganya na utomvu wa misonobari wakazibia mitumbwi yao. Lami ilikuwa ikichuruzika yenyewe kutoka kwenye kingo za mto.

Msikie neno hilo vizuri: kutoka kwenye kingo za mto. Leo machimbo na mabwawa makubwa ya tope la mabaki yako kandokando ya mto uleule, na chini ya mto huo, mahali Athabasca inapoingia ziwani, kuna mji mdogo wa Fort Chipewyan. Wakazi wake wamelia kwa miaka mingi kuhusu samaki wanaovua na maradhi wanayoyaona. Mimi sikuja hapa kumwambia mtu aache kazi. Watoto wa watu wengi humu wamesomeshwa kwa fedha hiyo. Lakini nataka kila anayepanda basi kwenda machimboni alijue jina la Fort Chipewyan.

Ni kutoka Fort Chipewyan hiyohiyo ndipo, tarehe 3 Juni 1789, mfanyabiashara wa manyoya Alexander Mackenzie alipoondoka kwa mitumbwi kutafuta njia ya kwenda Pasifiki. Pamoja naye alikuwa Awgeenah, kiongozi wa Kidene, yaani wa Wadene, wenyeji wa asili wa bonde hili, ambaye Waingereza walimwita English Chief. Vitabu vingi vinamtaja mmoja na kumsahau wa pili, na mimi napenda leo tuwataje wote wawili, maana bila wakalimani na wawindaji wa Kidene safari ile isingefika popote. Walipotoka ziwa Great Slave, mto uliwapeleka magharibi, na Mackenzie akafurahi, akidhani ameipata njia yake. Kisha wakaiona milima mbele. Mto ukafika kwenye milima, ukakunja, ukaelekea kaskazini, na kaskazini ukaendelea siku baada ya siku. Katikati ya Julai walikuwa kisiwani mlangoni mwa mto. Usiku maji yakajaa yakalowesha mizigo yao, na wakaona nyangumi weupe. Hapo ndipo ilipobainika kuwa wamefika bahari isiyokuwa ile waliyoitafuta.

Kwa nini mto ulikunja? Milima ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni barafu. Katika zama za barafu za mwisho, bamba kubwa la barafu, kwingine lenye unene wa kilomita mbili hadi tatu, lilisukuma kutoka mashariki mpaka likafika miguuni pa milima hii. Mito ya zamani ikazibwa, ikatafuta njia mpya. Hata mto Porcupine, ambao zamani ulikuwa ukielekea upande huu wa mashariki, ulizuiwa ukamwagikia Yukon, na mpaka leo haujarudi. Barafu ilipoanza kurudi nyuma, ukingoni mwake likabaki ziwa moja kubwa mno ambalo wataalamu wameliita McConnell, lililofunika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 200,000, yaani mara tatu ya Ziwa Viktoria. Great Bear, Great Slave na Athabasca ni mabaki yake. Na ardhi yenyewe, iliyokuwa imebonyezwa na uzito ule, inaendelea kuinuka taratibu, kama godoro lililolaliwa usiku kucha na mtu mzito. Kwa hesabu za jiolojia, basi, Mackenzie katika njia yake ya sasa ni mto mchanga kwa umri, unaopita baina ya miamba mikongwe kuliko karibu yote duniani.

Wadene wana masimulizi yao juu ya kuumbika kwa nchi hii. Pale Tulita, mahali mto Great Bear unapoingia Mackenzie, kuna mlima wa mawe ya chokaa uitwao Bear Rock. Wanasimulia kwamba Yamoria, mlinzi wa watu wao, aliwaua biva, wale wanyama wa mtoni wanaokata miti kwa meno, wakubwa mno, waliokuwa wakipindua mitumbwi ya watu, akatandaza ngozi tatu juu ya mlima ule, na alama zake zinaonekana hadi leo. Karibu na hapohapo makaa ya mawe yanafuka moshi ukingoni mwa mto. Mackenzie aliuona moshi huo mwaka 1789. Na biva wakubwa? Mifupa ya biva mwenye ukubwa wa dubu imechimbwa kule Yukon. Nawaachia mfikirie wenyewe.

Sasa naomba tuje kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote ya mto huu. Maji yanakwenda kaskazini.

Mtasema, hata Nile inakwenda kaskazini. Kweli. Lakini Nile inatoka kwenye joto inakwenda kwenye joto. Mackenzie unatoka kwenye baridi unakwenda kwenye baridi zaidi, na hilo linabadilisha kila kitu. Mwezi wa Mei, huku kusini barafu imeshayeyuka, mito imejaa, maji yanakimbia. Kule mbele mto bado umeganda, na barafu ni ngumu kama barabara ya lami. Maji yatapita wapi? Yanaisukuma barafu, inapasuka, vipande vikubwa kuliko malori vinapandana, vinaziba mto kama bwawa, na maji yanapanda. Maji yanakwenda kaskazini, na kaskazini mlango bado umefungwa.

Liard ndiyo inayotangulia kuvunjika, kwa sababu inatoka kusini na milimani. Fort Simpson iko kisiwani, mahali Liard inapougonga Mackenzie. Mei 2021 barafu ilijikusanya pale, maji yakapanda, kisiwa kikafurika, watu wakahamishwa. Kijiji cha Jean Marie River, juu kidogo, nacho kikaharibiwa vibaya katika majira hayohayo. Mwaka uliofuata, Mei 2022, ikawa zamu ya mji wa Hay River, ambao wakazi wake waliamriwa kuondoka wote.

Kuna watu walioambiwa wahame moja kwa moja. Aklavik, kijiji kilicho ndani ya delta, kilikuwa kikifurika na kingo zake kumeguka. Katika miaka ya 1950 serikali ikaamua kujenga mji mpya, Inuvik, mahali pa juu zaidi, ili Aklavik ife. Wengi walihama. Wengine walikataa. Hapo ndipo palipokuwa na mitego yao, samaki wao na makaburi ya wazee wao. Aklavik ipo mpaka leo.

Inuvik nayo ina mafunzo yake. Nyumba zake zimesimama juu ya nguzo, na mabomba ya maji safi na maji taka yanapita juu ya ardhi, ndani ya masanduku marefu, mtaa hadi mtaa. Mtoto mmoja aliniuliza, kwa nini hawakuyafukia? Kwa sababu ardhi ile imeganda daima. Juu, udongo wa kina kidogo unayeyuka kiangazi. Chini yake kumeganda mwaka mzima, kwingine mamia ya mita. Ukiweka nyumba yenye joto moja kwa moja juu ya ardhi hiyo, unaiyeyusha, na nyumba inazama upande.

Aliyetufundisha mengi kuhusu ardhi hiyo ni mwanajiografia J. Ross Mackay wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Karibu na Tuktoyaktuk, pwani ya Aktiki, kuna vilima vya ajabu vinavyoitwa pingo, zaidi ya elfu moja. Kikubwa chao, Ibyuk, kina urefu wa mita 49, na ndani yake ni barafu tupu. Vinatokeaje? Ziwa likikauka, mchanga uliolowana chini yake unaanza kuganda kutoka kila upande. Maji yaliyobanwa katikati hayana pa kwenda ila juu. Yanaiinua ardhi, nayo yanaganda. Mackay hakuridhika na kuandika tu. Mwaka 1978 aliondoa maji ya ziwa zima, Illisarvik, ili aone kwa macho yake jinsi ardhi inavyoanza kuganda, akawa anarudi kupima mwaka baada ya mwaka. Kijana anayetaka kujua sayansi ni nini, amtazame mtu huyo.

Leo ardhi hiyo inayeyuka. Kwenye nyanda za mto Peel miteremko mizima inamomonyoka na kumwaga tope mitoni. Tuktoyaktuk inaliwa na bahari, na nyumba zimeshahamishwa kutoka ufukweni. Wainuvialuit, wenyeji wa asili wa pwani ile, hawakuchoma mafuta mengi ya dunia hii. Maji yanakwenda kaskazini, na joto tulilolisababisha sisi limekwenda nayo.

Sasa, ndugu zangu wa Katanga, nilisema nina habari yenu.

Mnaujua mgodi wa Shinkolobwe, kule Kongo. Uko karibu na Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Katika miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliishika karibu biashara yote ya redio ya dunia kwa madini ya Shinkolobwe. Redio ninayoisema si ile ya kusikilizia taarifa ya habari, ni madini yaliyotumika hospitalini, ghali kupita dhahabu. Mwaka 1930, Gilbert LaBine akayaona madini ya namna hiyohiyo ufukweni mwa ziwa Great Bear, mashariki kwenye Ngao ile ile niliyowaeleza. Mgodi ukafunguliwa, ukaitwa Port Radium, na ukiritimba wa Wabelgiji ukavunjika.

Kisha vita vikaja, na kilichotakiwa kikawa urani. Urani iliyounda mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, na nyingine ilitoka Great Bear. Watu wa Katanga walichimba. Kule kaskazini, wanaume wa Kidene kutoka kijiji cha Délı̨nę walibeba magunia ya madini mabegani, wakiyapandisha na kuyashusha kwenye matishali. Njia yake ilikuwa mto huuhuu: mto Great Bear, Mackenzie dhidi ya mkondo, ziwa Great Slave, mto Slave na maporomoko yake pale Fort Smith ambako mizigo ilishushwa na kubebwa nchi kavu, Athabasca, hadi reli pale Waterways, ambayo leo ni mtaa wa Fort McMurray. Kutoka hapo ikaenda kwa treni mpaka Port Hope, Ontario, kiwanda kilekile kilichosafisha pia madini ya Kongo.

Nani aliwaambia wabebaji wale kwamba gunia hilo lina hatari? Nani aliwaambia wachimbaji wa Katanga? Wazee wa Délı̨nę wanasema hawakuambiwa. Wanaume wengi waliobeba walikufa kwa saratani, na kijiji kikaitwa kijiji cha wajane. Agosti 1998 ujumbe wa watu kutoka Délı̨nę ulisafiri hadi Hiroshima. Walikwenda kuomba radhi. Watu waliobebeshwa magunia bila kuelezwa chochote, wao ndio waliofunga safari kwenda kuomba radhi kwa Wajapani!

Mimi nikilifikiria jambo hili silali vizuri. Nawaomba vijana wa Katanga mlioko hapa: watafuteni Wadene. Mna historia moja, na sijui kama mmewahi kukaa meza moja.

Namalizia na hali ya sasa. Mwaka 1968 bwawa la W.A.C. Bennett lilikamilika kwenye mto Peace, British Columbia. Ziwa la nyuma yake lilichukua miaka kujaa, na wakati huo delta ya Peace na Athabasca, zaidi ya kilomita elfu moja chini ya bwawa, ikakauka. Wategaji wa Fort Chipewyan walipoteza wanyama wao kwa sababu ya umeme uliowashwa mbali nao. Halafu ukaja ukame wa miaka hii. Mwaka 2023 moto wa misitu uliwahamisha watu wote wa Yellowknife, takriban 20,000. Maji ya Great Slave yakashuka kupita kumbukumbu zote za vipimo, na mwaka 2024 matishali yakashindwa kufika Norman Wells na Tulita. Vijiji visivyo na barabara ya kiangazi vikaletewa mafuta na chakula kwa ndege, na bei zikapanda ipasavyo.

Vipimo vya kina cha mito hii vinatolewa na serikali kila siku, bure, kwa yeyote mwenye simu. Wenye watoto shuleni, wafundisheni kuvisoma: Athabasca pale Fort McMurray, kisha Slave pale Fort Fitzgerald, kisha Mackenzie pale Fort Simpson. Wakiona maji yanapungua Athabasca, wahesabu siku mpaka yapungue huko chini.

Muda wangu umekwisha. Mwenye swali na anyooshe mkono, tuanze na watoto.